Watoto Sita na Cherehani

Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipoambiwa kwamba mimi si chanzo cha kuaminika cha maisha yangu mwenyewe.

Asubuhi nilifanya usafi uwanja wa ndege, mchana nikapanda treni kutoka Märsta, kitongoji nilichoishi huku Uswidi, kwenda mjini, kwenye chuo cha watu wazima, kusoma historia. Nilitaka kuwa mwalimu. Bila alama ya juu ya historia nisingepokelewa kwenye ualimu mwaka ule.

Insha ya mwisho ilikuwa juu ya tukio lolote la karne ya ishirini. Wenzangu wakakimbilia vita vikuu. Mimi nikaandika jinsi mama alivyotutoa Rumonge kwa miguu, tukavuka mpaka kama wakimbizi hadi Kigoma, watoto saba, na cherehani kichwani kwa sababu alikataa katakata kukiacha. Insha ikarudi na neno moja jekundu kila ukurasa: Chanzo?

"Chanzo ni mimi," nikamwambia mwalimu. "Nilikuwepo."

"Hilo ndilo tatizo," akasema kwa upole, maana alikuwa mtu mwema kweli. "Uko karibu mno na tukio. Una upendeleo."

Nikamtaja mama. Akasema mama naye ana upendeleo, hasa kwenye suala la cherehani. Alitaka mtu asiyehusika, na kitu kilichochapishwa.

Kwenye treni ya kurudi nilikasirika mpaka kituo cha Upplands Väsby. Kutoka hapo akili ikanijia.

Maktaba ya Märsta ilikuwa na mstaafu mmoja, Mswidi, aliyetusaidia masomo. Nikamsimulia safari nzima kwa birika mbili za kahawa. Akafurahi mno, kwani alikuwa mhariri wa jarida la chama cha historia ya mtaa, na jarida lilikuwa limeishiwa habari za mawe ya kale na maghala. Mwezi uliofuata safari yetu ikatoka, katikati ya habari za daraja bovu na tangazo la mkutano mkuu. Nikainukuu kwenye insha, na namba ya ukurasa juu. Mtu ambaye hajawahi kuvuka Denmark akawa shahidi wa barabara niliyoipita pekupeku. Nikapewa alama ya juu kabisa, na pembeni: "Chanzo bora!"

Nikamsomea mama insha jikoni, nikimtafsiria. Akacheka sana nilipofika kwenye cherehani. Kisha akaacha kumenya viazi.

"Soma tena hapo. Watoto wangapi?"

"Sita, mama."

Yule mzee alikuwa amehesabu vichwa kwenye picha niliyomwonyesha, iliyopigwa kambini baada ya kaka yangu kufa kwa kipindupindu. Kosa nililiona. Sikulisahihisha, kwa sababu insha ilipaswa kukubaliana na chanzo. Naona aibu mpaka leo.

"Basi gurudumu la cherehani alilibeba nani?" mama akauliza.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu, nikaikata sita mbele ya macho yake, nikaandika saba. Akasikitika kweli. Akanikumbusha kwamba jarida linasema sita, kwamba alama itashuka, na ualimu utasubiri mwaka mwingine. Nikamwambia naelewa.

"Lakini huyu wa saba," akauliza, kalamu nyekundu mkononi, "umemtoa wapi?"

"Alikuwa mbele yangu, amebeba gurudumu," nikasema. "Nilimfuata siku nne."