Komeo la Nje

Kwenye simu Audax alisema tu kwamba ana mlango wa kutengeneza, na kwamba Gidioni aje na komeo la chuma, lile kubwa. Hakusema komeo litakaa upande gani wa mlango.

Gidioni aliondoka Nyamiaga asubuhi hiyo ya Agosti baada ya mkewe, Francisca, kumsaidia kusukuma pikapu mpaka kwenye mteremko, maana betri ilikuwa imekufa tangu Juni. Gari lenyewe lilikuwa la zamani sana. Alilinunua kwenye mnada, shirika moja la wakimbizi lilipofunga ofisi na kuondoka. Enzi hizo alikuwa kijana, na useremala wenyewe alijifunzia huko kambini, akipigilia milango ya maghala na ya vyoo. Tangu hapo ameishi kwa kazi hiyo: paa linalovuja, bawaba iliyokatika, kitasa kilichogoma, kitanda kilichovunjika mguu. Watu walimwita fundi wa mambo madogo, naye hakuchukia. Alipenda kutoka kwenye nyumba ya mtu akiwa ameacha kitu kimoja kimekaa sawa.

Alifika Kirushya saa tatu. Audax, mnunuzi wa maharage na katibu wa kigango cha kanisa, alikuwa anamsubiri uani.

"Shikamoo, mzee Gidioni."

"Marahaba. Mlango uko wapi?"

Akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba kidogo kinachotazama migomba. Mlango ulikuwa mzima, bawaba nzima, fremu nzima.

"Hapa," Audax alisema, akigusa ubao kwa nje. "Na dirishani niongezee nondo mbili."

"Kwani ni stoo?"

Audax aliusukuma mlango. Gidioni akachungulia. Ndani kulikuwa na kitanda, ndoo yenye kifuniko, kikombe cha plastiki, na rozari iliyotundikwa kwenye msumari. Upande wa ndani wa mlango, usawa wa kiuno, rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha. Mistari ilikuwa mingi, mingine bado mibichi.

"Ni mama," Audax alisema kwa sauti ya chini. "Anapotea. Mwezi uliopita mara tatu. Mara ya mwisho tulimkuta ameshafika kwenye lami, anasema anakwenda kwao Nyarubungo. Na kwao hakuna mtu, mzee, kaka zake wote wamekufa. Mke wangu yuko shamba, mimi niko sokoni. Kamba ya mlango anaifungua. Nimfanyeje?"

"Na moto ukiwaka?"

"Usituombee mabaya."

Bibi Febronia alikuwa amekaa kwenye mkeka ukutani, anachambua maharage ambayo tayari yalikuwa yamechambuliwa. Gidioni alimwamkia. Bibi aliinua uso, akamtazama kwa furaha iliyomtisha.

"Novatus! Umekuja na gari?"

"Novatus ni kaka yake," Audax alinong'ona. "Alizikwa nikiwa darasa la pili."

Gidioni alianza kazi. Alitoboa ukingo wa fremu ya dirisha, akachomeka nondo, akahamia mlangoni. Bibi alijongea na mkeka wake hadi karibu kabisa, akawa anatazama mikono yake. Keekee ilipotoboa tundu la kwanza la komeo, akauliza kwa upole, "Unanifungia, Novatus?"

Mkono wa Gidioni ulikuwa umeshashika kopo la skrubu ndefu. Ukaliacha, ukaenda kwenye kopo jingine, ukachukua zile fupi za bawaba za kabati. Ziliuma ubao kidogo tu. Ukiliangalia komeo lilikuwa imara, linang'aa, lakini mtu akiegemea mlango kwa bega mara mbili tatu, lingeng'oka. Gidioni alijiambia: pakitokea shida, atoke. Audax alilisukuma na kulivuta kwa nje, akaridhika, akamshukuru sana.

Jioni hiyo Gidioni alimweleza Francisca. Mkewe aliacha kumenya ndizi.

"Mpigie simu umwambie."

"Nitapita Jumamosi. Nitayasema ana kwa ana."

Siku zilizofuata alifanya kazi vibaya. Alikata ubao mfupi kuliko kipimo, akafunga bomba la mtu likaendelea kuchuruzika. Kila simu ilipoita, alitazama kwanza jina la mpigaji. Ijumaa mchana ikaita, akajua kabla hajapokea.

"Mzee, wewe una gari," Audax alisema. "Njoo. Mama ametoka."

Komeo lilikuwa linaning'inia kwa skrubu moja. Tatu zilikuwa chini kwenye vumbi.

"Ubao umeoza," Audax alisema, bila hata kuutazama vizuri. Gidioni aliinama, akaziokota zile skrubu, akazitia mfukoni. Kwamba zilikuwa fupi, alipaswa kulisema pale pale, na hakulisema.

Walimtafuta siku ile na kesho yake. Pikapu ilitambaa kwenye barabara ya Biharamulo, njia ya kwenda Nyarubungo, rejeta ikichemka kila baada ya muda, wakisimama kuomba maji kwenye nyumba za watu na kuuliza. Audax alisimama nyuma kwenye bodi, akiita mama yake mpaka sauti ikakauka. Mwuza asali mmoja alisema ndiyo, alimwona bibi mwenye kanga ya bluu akitembea katikati ya lami, anaelekea porini. Alidhani ana watu wake nyuma. Baada ya pale nyumba zilikwisha, ukawa msitu pande zote mbili, na hakuna aliyemwona tena. Gidioni alitazama mitaroni. Kila gogo jeusi lilimfanya akanyage breki. Alipowaona kunguru wengi wamekusanyika mahali, alipunguza mwendo hata kabla Audax hajagonga paa la gari. Ulikuwa mzoga wa mbwa.

Jumapili asubuhi wanawake wachoma mkaa walimkuta chini ya karavati. Alikuwa hai. Midomo imepasuka, mguu wa kushoto umevimba kutoka kwenye nyonga, kanga imegandamana na tope. Gidioni aliposhuka kumbeba, bibi alimkazia macho.

"Umechelewa, Novatus," alisema.

Hospitalini, kwenye benchi la nje, Gidioni alitoa zile skrubu tatu na kuziweka juu ya benchi kati yao.

"Ubao haukuoza. Ziliwekwa fupi. Mimi ndiye niliyeziweka."

Audax aliokota moja, akaigeuza. "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Nilimwonea huruma."

"Ulimjua mama yangu kuliko mimi?"

"Hapana."

"Ungeikataa kazi, mzee. Ungekataa tu mbele yangu, ningejua nitafute njia nyingine. Mimi nilikwenda sokoni nikijua amefungiwa."

Gidioni alikaa pale mpaka walipoitwa ndani.

Nyonga haikuunga vizuri. Bibi Febronia alirudishwa Kirushya, lakini hakutembea tena. Mlango wa chumba chake sasa hushinda wazi. Audax hakumshtaki Gidioni kwa mtu yeyote. Aliyeuliza aliambiwa ubao ulioza, na Gidioni aliendelea kuitwa kwenye nyumba za watu, na kusifiwa, jambo lililomwumiza kuliko matusi.

Novemba, mvua zilipochanganya, jina la Audax lilitokea tena kwenye simu. Gidioni aliiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Ilipoita mara ya pili, akapokea.

"Bati linavuja," Audax alisema. "Kwa mama."

Alikwenda siku hiyo hiyo. Alipanda, akafunua bati bovu, na kutoka chini akamsikia bibi akiongea kwa Kisubi, lugha ya kwao, taratibu, akinyamaza kama anayesikiliza, kisha akiongea tena. Gidioni alichungulia kwenye lile tundu. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Bibi alikuwa amelala chali, macho juu, anamtazama yeye.

Alitia bati jipya, akachagua misumari mirefu, akaanza kupigilia.