Faiba Isiyokwenda Kokote

Walimwita Hakikisha, na jina lilimkaa. Akifunga mlango, lazima arudi kuusukuma. Hata chai ya mkewe aliionja kwanza kwa ncha ya ulimi, na mkewe, mama wa watoto wake wanne, alishachoka kununa.

Alikuwa fundi wa kituo cha faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga; kituo chenyewe chumba kimoja chenye baridi ya kiyoyozi, ambamo mwanga uliofika umechoka kwa safari ulitiwa nguvu na amplifaya ukaendelea mbele. Kazi hiyo alitafutiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa fundi humo humo. Wema huo ndio uliomkosesha raha. Mtu akupe kitu hivihivi, anataka nini?

Siku moja shemeji alipotoka kwenda kula, Hakikisha alifungua boksi la chini kabisa kwenye kabati la mitambo. Alikuta faiba imeviringwa, kilomita kadhaa, inaingia, inajizungusha weee, kisha inatokea palepale ilipoingilia. Haiendi kokote.

"Alaa," alijisemea. "Kumbe ndio mchezo wake."

Ama anadukua mawasiliano ya watu, ama anaficha faiba ya kuuza. Hakikisha alilitoa boksi kwenye laini, akaunganisha moja kwa moja. Kipima mwanga kikapanda, naye akafurahi kwelikweli: mnyonyaji kapatikana.

Simu zikaanza kulia. Benki, hospitali, wote walikuwa wanapokea takataka badala ya taarifa. Hakikisha akaongeza amplifaya, na kila alipoongeza, makosa nayo yakazidi.

Shemeji alirudi mbio. Alifungua boksi, akarudisha kila kitu mahali pake. Laini ikatulia.

"Mwanga ukienda mbali hutawanyika, shemeji," alisema taratibu. "Alama zake zinalaliana. Huu mviringo ndio unazikusanya tena. Amplifaya haichagui, inakuza hata uchafu."

Mkuu wa kituo aliingia amevimba. Kanuni kila mtu aliijua: anayegusa laini bila kibali hana kazi.

"Nani alilitoa hili boksi?"

Hakikisha aliwaona akilini watoto wake wanne, mmoja mmoja.

"Mimi," shemeji alijibu. "Nilikuwa najaribu kitu kabla sijaenda kula."

Alifukuzwa papo hapo. Hakikisha alimfuata hadi getini.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Mimi sina mtoto. Dada yangu anao wanne."

Hakikisha alilipindua jibu hilo huku na huku, akilitafutia tundu. Aibu ilimshika, lakini shaka iliiwahi. Macho yalimshuka mpaka kwenye begi la shemeji.

"Fungua nione."

Shemeji aliliweka begi chini, akavuta zipu, akampanulia.

Hakikisha akainama, akatia mkono mpaka chini.