Moyo wa Chiku Siku ya Jumapili

Mwanangu, ni nani aliyeukimbiza moyo wa Chiku Jumapili ile mchana, kituo kimefungwa na watu wako misa? Swali hilo lilinishinda nikiwa kijana.

Chiku alikuwa tumbili wa maabara. Miaka ile biashara zilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni Songea, kituo kidogo cha utafiti cha mtu binafsi kilianzishwa Matogoro. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na mdomo wangu wa kuuliza kila kitu, nikaajiriwa pale. Chini ya ngozi ya Chiku kulikuwa na kifaa kidogo cha kurusha habari za moyo wake kwa redio. Chumba cha pili mashine ilichora mapigo ya moyo wake kwenye karatasi.

Chiku alipoacha kula, tulifanya kama tunavyomfanyia mgonjwa yeyote huku kwetu: tulikwenda kumjulia hali. Mpishi alileta ndizi, mlinzi akaleta pole, hata karani aliyekuwa akimwogopa alichungulia. Mashine ikachora milima mitupu, moyo ukienda mbio. Daktari Haule, mkuu wetu, akasema moyo umeharibika; Jumatatu angemchoma sindano ya kumpumzisha moja kwa moja.

"Shikamoo, daktari," nilimwambia. "Hivi moyo wake hukimbia hata tusipokuwepo?"

"Marahaba. Sasa wewe binti, unataka tumwangalie bila kumwangalia?"

Nikasema ndiyo, mashine imwangalie. Alicheka, lakini alikubali. Jumamosi jioni tulimwachia maji na chakula, tukafunga. Mpishi alinuna, alisema wasomi hatuna huruma, mgonjwa haachwi peke yake.

Jumatatu tukakuta mstari umetulia kabisa, isipokuwa kilima kimoja cha Jumapili mchana. Nilimuuliza kila mtu. Hakuna aliyekiri kuingia. Daktari aliirudisha sindano kabatini. Tukapunguza kumtembelea, na Chiku akaanza kula tena.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimkuta mtu anahema, usikimbilie kusema ndivyo alivyo. Huenda anahema kwa kuwa umeingia. Jiulize kwanza wewe umeleta nini chumbani, maana hata upendo una kishindo chake. Mungu akujalie watu watulie unapowakaribia.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea Daktari Haule, amekwisha kustaafu. Kilima kile, aliniambia, kilikuwa chake. Alitoka misa mapema, akasimama nje ya mlango wa Chiku bila kuufungua, akamuaga.