Bibi Kristina Alipocheza Rede

Enzi tunasoma shule ya msingi pale Sumbawanga, mtu maarufu tulimwona akipita kwenda misa. Watu wazima walichuchumaa kando ya njia, wakapiga makofi taratibu mpaka apite.

Huyo alikuwa Bibi Kristina, dada wa chifu wa zamani. Uchifu ulikuwa umefutwa kabla hatujazaliwa, lakini mama alisema heshima haifutwi kwa tangazo. Barabarani Bibi hakucheka wala kugeuka. Hata harusini hakula mbele za watu. Sahani yake ilifunikwa akapelekewa nyumbani.

Nyuma ya ua wake wa matete, uliopakana na wetu, mambo yalikuwa mengine. Alitembea pekupeku, akagombana na jogoo wake kwa Kifipa, akachoma migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kipili, mpaka sweta zetu zikanuka moshi. Na alicheza rede. Alijifunga kanga kiunoni, akasimama katikati akijaza chupa mchanga, huku mimi na dada yangu Modesta tukimrushia mpira wa matambara. Akikwepa, alitutania: "Mnarusha kama mnapepeta ulezi."

Likizo moja ya mwezi wa sita, upepo ukipuliza ile baridi yetu ya Ufipa, walikuja wazee watatu kutoka kijiji cha kwao, mbele ya Laela. Shangazi mkuu wa ukoo alikuwa amefariki, na Bibi ndiye aliyetakiwa kukaa kwenye kiti chake, apokee watu na kusuluhisha ndugu mpaka mwisho wa maisha yake. Mama alikuwa ameshatuambia kwamba anayekaa pale hakimbiikimbii tena.

Walimkuta katikati ya uwanja, chupa imefika nusu. Wakachuchumaa, wakapiga makofi, kisha wakageuka wote kutazama ua.

"Mwene, gari linasubiri," alisema mkubwa wao, akimwita kwa cheo cha watu wa ukoo wa chifu.

"Nimalize zamu yangu."

Tulielewa palepale. Asiyepigwa hatoki. Modesta akarusha mpira jikoni, mimi nikaurusha kwenye banda la kuku. Ulikwenda kila mahali isipokuwa kwa Bibi. Mzee mmoja akakohoa.

"Modesta, rusha vizuri," Bibi alisema. "Nikitoka, nitoke nimepigwa."

"Hatutaki uende, Bibi."

"Najua, mwanangu. Rusha."

Modesta akarusha huku analia. Bibi akakwepa kwelikweli, mara ya kwanza, mara ya pili. Mpira wa tatu ukampata begani. Alicheka kwa sauti, akamwaga mchanga, akanawa miguu. Alipowapita wale wazee, tayari alikuwa na uso wa barabarani.

Siku hizi binti yangu anajua mwimbaji fulani amekula nini asubuhi na ameachwa na nani, na anamwita "mtu wangu" ilhali hawajawahi hata kusalimiana. Ingekuwa leo, ile rede ingefika Dar es Salaam kabla Bibi hajavaa viatu.

Tulikwenda kumwona mara moja kabla hajafariki. Tulichuchumaa kwenye foleni, tukapiga makofi kama wengine. Aliitikia bila kutabasamu, akauliza kama mama hajambo. Tulipotoka, mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akatuuliza kama tunafahamiana na Mwene.

"Hapana," Modesta akamjibu. "Tumekuja kusalimia tu."