Picha ya Tatu Ukutani

Fundi alikuwa anapiga randa mlango wa choo cha watu siku aliyoambiwa kwamba kuna mtu anataka kumwondoa mkewe ukutani.

Aliyemletea habari ni Muuguzi. Alitoka zamu akaja moja kwa moja, viatu vyake vyeupe vikazama kwenye maranda, wala hakujali. Akaamkia. Fundi akaitikia, akaendelea na randa. Tangu msiba watu walikuwa wanakuja kusimama palepale, wanamuuliza anakula nini, kisha wanakwenda zao. Akadhani na huyu ni wa hivyohivyo.

"Baba, weka randa chini," Muuguzi akasema. "Mrefu anataka kuishusha picha ya Mwalimu."

Fundi akaweka randa chini. Picha ile fremu yake aliitengeneza mwenyewe, baada tu ya mazishi, akaipigilia mwenyewe. Misumari ilikuwa bado haijapata hata kutu. Akamwambia mwanamke yule akae kwenye benchi, amweleze polepole, maana kichwa chake siku hizi kilikuwa hakishiki mambo.

Mwalimu ndiye mkewe. Mtaa mzima walimwita hivyo, hata wale ambao hawakuwahi kurusha ngumi maishani. Alifundisha karate kwenye ghala kuukuu nyuma ya kiwanda cha sabuni, miaka mingi, hadi wanafunzi wake wa mwanzo wakaanza kumletea watoto wao. Ukuta wa mbele wa ghala ulikuwa na picha tatu. Ya kwanza ni ya mzee wa ng'ambo aliyeanzisha mtindo wao, mtu asiyejua kucheka. Ya pili ni ya Mpiga Chapa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa, na saa za kazi zikiisha anafundisha mlemle ndani, kati ya mashine. Ya tatu ni ya Mwalimu. Kabla ya mazoezi wote hupiga magoti, huuelekea ukuta, huinama. Yule alimfundisha huyu, huyu akamfundisha huyu, huyu akatufundisha sisi. Watu wa karate wakikutana hawaulizani wewe mtoto wa nani. Wanaulizana mwanafunzi wa nani.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chama cha karate kilimwambia Mrefu, aliyeachiwa ukumbi, kwamba vijana wake hawatapanda kwenye mashindano mpaka aonyeshe mkanda wake umetoka kwa nani. Akamtaja Mwalimu. Na wa Mwalimu, umetoka kwa nani? Akamtaja Mpiga Chapa. Watu wa ukumbi mwingine, upande wa pili wa mji, ambao nao wanajiita watoto wa Mpiga Chapa, wakaruka. Mzee wetu hakufundisha mwanamke, walisema. Huyo alijifunza kwa kuchungulia dirishani, na mkanda mweusi alijifunga mwenyewe.

"Wewe umeishi naye," Muuguzi akasema. "Alifundishwa na nani?"

Fundi akaokota randa, akairudisha chini.

Alijua nini? Alijua kwamba alipomuoa, tayari alikuwa na desturi ya kuamka kabla yake na kukanyagakanyaga uani. Mwanzoni alifikiri mgongo unamsumbua. Siku moja akamuuliza, akaambiwa, "Nilifundishwa na kaka yangu." Kaka mwenyewe alikuwa marehemu kabla Fundi hajaijua nyumba yao. Akaamini, yakaisha. Lakini Muuguzi alikuwa ameambiwa na Mwalimu huyohuyo kwamba Mpiga Chapa alimrekebisha kiwiko kwa mkono wake. Na mshonaji wa jirani, alipoulizwa, akasema yeye aliambiwa hivi: "Nilijifunza mwenyewe, kwa ubishi."

Majibu matatu, mdomo mmoja. Fundi hakuwa mtu wa kuuliza, mkewe hakuwa mtu wa kueleza, na kwa muda wote ule walikuwa wameingiana kama mbao zilizochongewa ulimi.

Karate aliyoijua yeye ilikuwa moja tu. Akikata mbao ndefu kwa msumeno, mkewe alikuwa anamshikia upande wa pili. Wengine wakishika hutetemeka, huchoka, huanza soga. Yeye alishika, mbao ikatulia kama imelala juu ya jiwe. Siku hizi anaibana kwa jiliwa, na bado inagongagonga.

Siku zilizofuata alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayoishi ina chumba kingine ambacho hajawahi kukiona. Alipima mlango wa mteja mara mbili, akaukata mfupi. Mteja akamwonea huruma, jambo lililomuudhi kuliko kama angemtukana.

Mrefu aliitisha kikao Jumamosi alasiri, palepale ukumbini. Mrefu ana duka la dawa, mtu wa maneno ya kupimwa. Jina hilo alipewa na Mwalimu kwa utani, kwa sababu alipoletwa alikuwa mfupi kuliko wote na analia. Baadaye akarefuka hadi utani ukakosa maana, jina likabaki. Kwenye mazishi alibeba jeneza upande wa kichwa na akakataa kupokewa. Ndiyo maana Fundi hakujua amchukie vipi.

"Shikamoo mzee wangu," Mrefu akamwambia mlangoni, akamvutia kiti. "Usinielewe vibaya. Mimi sina ugomvi na mama. Nina vijana wanafungiwa mlango."

Fundi akasema marahaba. Akakaa.

Pembeni alikuwa ameketi mzee mmoja mdogo wa umbo, kofia mapajani. Mrefu alimtoa mji mwingine kwa basi la asubuhi. Alikuwa mtengeneza saa, na kati ya waliosoma kwa Mpiga Chapa mwanzoni kabisa, kati ya mashine, ndiye peke yake aliyebaki hai. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mdomoni kwake, na mdomo wenyewe haukuwa na haraka. Aliitazama picha ya tatu, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Mwanamke simkumbuki," akasema.

Wenye mikanda myeusi wakatazama vidole vyao vya miguu. Muuguzi akasimama, akasema basi mzee aangalie kazi ya mikono, maana sura husahaulika. Akaingia katikati akafanya kata yao ndefu, yaani ule mfululizo wa ngumi, mateke na mikingo ambao mtu huufanya peke yake kama anapigana na watu wasioonekana. Alipiga, akakinga, akainamisha kichwa kidogo, akageuka, akarusha teke, kisha akavuta hatua moja ndefu mno, karibu ya kuruka, akamalizia na ngumi. Hata Fundi asiyejua chochote aliona kwamba ni safi.

"Hapo," Mrefu akasema kwa upole. "Hiyo hatua ndefu. Watu wa chama wameniuliza, nimekosa jibu. Haipo kwa mtu yeyote duniani. Ni ya nani?"

"Ya Mpiga Chapa," Muuguzi akajibu. "Mwalimu alitukabidhi jinsi alivyokabidhiwa. Ndiyo alama yetu."

Fundi akakohoa. Alikuwa amekuja kumtetea mkewe, na hapa palikuwa na jambo moja ambalo kwa bahati alilijua.

"Hapo palikuwa na ubao mbovu," akasema.

Wote wakageuka.

Akaeleza. Ghala hili sakafu yake ni ya mbao, na pale katikati ubao mmoja ulikuwa umeoza. Alimwambia mkewe kwamba atakuja kuubadilisha, mkewe akakataa, akasema uache, unawafundisha kuangalia wanapokanyaga. Wakawa wanauruka. Siku alipochoka kusubiri ruhusa akaubadilisha bila kuuliza, akapiga na msasa, lakini wao wakaendelea kuuruka. Alifikiri wataacha wenyewe.

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wakacheka wengi. Mrefu naye alicheka, kisha akajizuia. Muuguzi peke yake hakucheka. Alimwendea Fundi, akainama karibu na sikio lake.

"Baba, mbona unatuangusha? Mimi nimewafundisha watoto hatua hiyo kwa heshima zote."

Fundi akaduwaa. Alikuwa amesema kweli, na kweli ilikuwa imemgeukia mkewe. Au haikumgeukia? Akataka kusema kwamba ubao ulioza kwanza, hatua ikaja baadaye. Kisha akaanza kuwaza kama kweli ilikuwa hivyo. Huenda hatua ilikuwepo, na ubao ukaozea hapo kwa kukanyagwa na waliokuwa wakitua? Akajaribu kukumbuka, kumbukumbu ikamponyoka kama sabuni ya kiwanda kile. Akaweka mikono magotini.

Aliyezungumza ni mtengeneza saa. "Huyu mwenzangu angetaka kudanganya, asingesema la ubao," akasema. Akaomba ashikwe mkono ainuke. Akavua viatu, akavipanga, akaingia katikati na soksi zake.

Alifanya kata ileile, kizee, ngumi zikifika nusu ya njia. Watu walimwangalia kwa huruma zaidi kuliko kwa kujifunza. Akapiga, akakinga, akainamisha kichwa kidogo, akageuka. Kwenye ile hatua ndefu hakuruka. Alitembea kawaida tu, akamaliza.

"Umeona," Mrefu akamwambia Muuguzi. "Hamna hatua."

Muuguzi hakuwa anaangalia miguu. "Mzee, kwa nini umeinama pale?"

"Wapi?"

"Kabla ya kugeuka. Umeinamisha kichwa."

Mtengeneza saa akafikiri, akajigusa kisogo. Ilikuwa wazi kwamba hajawahi kuulizwa. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyemkuta rafiki mahali asipomtegemea.

"Kamba," akasema. "Kwenye chumba cha mtambo palikuwa na kamba ya kuanikia karatasi zilizotoka kwenye wino. Inapita kichwani, upande huu mpaka ule. Asiyeinama anapakwa wino usoni na kuharibu matangazo ya watu. Mzee alikuwa na rula ndefu ya chuma. Tukazoea."

"Watu wa upande wa pili wa mji wanainama?" Muuguzi akauliza.

Mrefu akaifanya kata kichwani, shingo ikimcheza. "Hawainami," akasema. "Wao walianza kwake baadaye, alipohamia uwanjani. Lakini sisi tunainama. Mimi siku zote nilidhani tunakwepa teke."

Wote wakageuza macho juu, kwenye paa la ghala. Fundi naye akatazama. Halikuwa na kamba wala halikuwahi kuwa nayo. Angejua, dari ile ameipanda mara nyingi.

"Kwa hiyo alikuwa mle ndani," Muuguzi akasema.

"Ngoja," mtengeneza saa akasema, akakaa, akashika viatu vyake bila kuvivaa. "Palikuwa na kijana mmoja aliyetumia mkono wa kushoto. Alikuwa anakuja na dada yake. Dada mtu alikuwa anaanua karatasi, anazipanga, anasubiri kaka amalize. Alikuwa na nywele fupi."

"Alikuwa anafanya mazoezi?" Mrefu akauliza.

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa naangalia mbele. Ukigeuza shingo, rula."

"Kaka ndiye aliyemfundisha, au mzee mwenyewe, au aliangalia tu? Nitawaambia nini wale watu wa chama? Alifundishwa au hakufundishwa?"

Mtengeneza saa akaitazama tena picha ya tatu, safari hii bila miwani. "Alijua kamba ilipokuwa," akasema.

Hapo wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Mmoja akasema basi picha ya kaka nayo iwekwe katikati, mwingine akauliza itapatikana wapi, mwingine akataka kujua kama hatua ndefu sasa ifutwe au ibaki, na kama itabaki iitwe nini. Mrefu akawaacha wachoke. Kisha akasema atakiambia chama kwamba ukumbi huu umetoka chini ya kamba ile, na shahidi yupo hai. Wakitaka zaidi, waje wenyewe. Picha haiguswi. Kuhusu hatua, kila mtu aitwaye mwanafunzi wa Mwalimu ataruka kama alivyofundishwa. Aliposema hivyo akajifanya anatafuta funguo mfukoni.

Muuguzi alimsindikiza Fundi hadi nje. Alikuwa anatembea kama mtu aliyetua mzigo. Akamwomba radhi kwa maneno ya kule ndani, Fundi akasema hayakuingia hata. Wakapita kiwanda cha sabuni, wakapita kwa mshonaji, ambaye aliwauliza mambo yameishaje, na Muuguzi akamjibu kwamba yameisha vizuri sana.

"Yameisha vizuri?" Fundi akauliza walipompita.

"Baba, picha imebaki. Si ndiyo tuliyokuwa tunaitaka?"

"Ndiyo. Nashukuru, mwanangu." Akatembea kidogo. "Mimi nilijua ana kaka. Karatasi sikujua. Kamba sikujua. Nywele fupi sikuzijua. Anaanua matangazo ya watu, halafu jioni anarudi kwao na wino mikononi, na mama yake anamuuliza nini? Alikuwa anafurahi? Alikuwa anaonewa? Nimekaa naye meza moja miaka yote ile, sikumuuliza. Sasa nimuulize nani?"

Muuguzi, ambaye kazi yake ni kuwajibu wagonjwa na ndugu zao kutwa nzima, alikagua magari kushoto na kulia. Akamshika mkono wakavuka barabara.

Kwenye karakana mlango uliokatwa mfupi ulikuwa bado umeegemea ukuta, na mteja alishasema anaweza kusubiri. Fundi akamuaga Muuguzi, akatafuta penseli, akaanza kupima mbao nyingine. Alipima, akasahau, akapima tena.