Kibao Cheupe Nilichokipaka Mafuta

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, na mama yenu asinisikie. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyumba ya vyombo pale Mugumu, mikono nimeibana katikati ya magoti, nanukia mafuta ya mgando kama mtoto anayepelekwa kliniki. Siku hiyo ndiyo nilifundishwa kurudisha kitu cha watu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Nyumba ya vyombo ni stoo ya wataalamu wa mazingira. Wapo wanaopima maji, wapo wa majani, wapo wa udongo, na vyombo vyao ni vya bei ambayo mtu mmoja haiwezi. Basi vinawekwa pamoja, huyu anaazima, anarudisha, mwenzake anachukua. Mtunzaji alikuwa Mama Bhoke, mama mtu mzima wa Nyarero, mrefu, maneno machache, macho mengi.

Mimi shule niliishia darasa la nne, nikatolewa nikachunge. Sijutii sana, ng'ombe nao ni shule, ila hawatoi cheti. Miguu nilikuwa nayo, na njia zote za kuzunguka bwawa la Manchira nilizijua. Ndiyo maana dada mmoja mtaalamu, Neema, mtu wa Iringa, alinichukua nimbebee mashine aliyoazima pale, siku tano. Alitaka kujua tope linaingilia wapi katika yale maji, maana ndiyo wanayokunywa watu wa Mugumu.

Mashine yenyewe wanaiita spektromita. Ina jicho moja dogo kwenye ncha ya waya mweusi, mnene kama utumbo wa mbuzi. Unalielekeza kwenye maji, linasoma mwanga unaorudi, na kwa mwanga huo mtaalamu anajua maji yamebeba nini. Lakini kabla ya maji, kila mara, jicho linaonyeshwa kwanza kibao cheupe, ili lijue jua la saa ile likoje. Kibao kile ndicho jiwe lake la mizani. Jiwe likidanganya, hata ukipima dhahabu umepima uongo.

Neema aliniambia siku ya kwanza, "Kaka Mwita, hiki kisiguswe hata kwa kidole." Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi, mwanangu, hata mbuzi huitikia.

Siku tatu tulifanya kazi vizuri, kuanzia saa nne jua likipanda mpaka saa nane. Jioni ya siku ya tatu, nafunga vitu, nikaona doa la tope pembeni mwa kibao. Nikaona aibu. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akisema kitu cha heshima hupakwa mafuta. Mtoto hupakwa, kigoda hupakwa, ngozi ya kulalia hupakwa. Nikatoa kopo langu la mafuta ya mgando, nikapaka kidogo tu, nikafuta kwa kitambaa safi. Doa likatoka. Kibao kikang'aa! Nikajisifu moyoni, nikasema huyu dada kesho atafurahi.

Kumbe kibao kile hakitakiwi king'ae hata kidogo. Kinatakiwa kiwe kimefifia kama unga.

Siku ya nne Neema akaanza kujikuna kichwa. "Kaka Mwita, haya maji yamekuwaje leo? Si yale ya jana." Hapo nilijua. Ni yale mafuta yangu. Nikasema labda ni upepo. Siku ya tano akarudia swali lile lile, nikarudia upepo wangu ule ule. Nilihofia kazi, na zaidi nilihofia kuitwa mshamba mbele ya msomi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ukiwa kijana unadhani wewe utakuwa wa kwanza kukiponyoka.

Tukarudisha vyombo. Sasa nyumba ile ina desturi yake. Kuna kibao kingine kimefungiwa kabatini, hakiazimwi, hakiendi porini. Kinachorudi hulinganishwa na kile cha nyumbani. Mama Bhoke akavitoa nje juani vyote viwili, akavionyesha kwenye jicho la mashine, kimoja kwanza, kisha cha pili. Akarudia. Kisha akauliza kwa upole, "Hiki kimekutana na nini huko?"

Neema hakujua. Nami nikaangalia miguu yangu.

"Kimeharibika," Mama Bhoke akasema. "Na kama hatujui kimeharibika lini, siku zote tano ni za kutupa. Hatuwezi kuchagua zipi nzima, zipi mbovu."

Uso wa Neema ulizima, mwanangu. Mashine ilikuwa inasubiriwa na mtaalamu wa majani, amekaa pale pale na begi mapajani, bodaboda wake anamngoja ampeleke Issenye. Nyuma yake kulikuwa na wengine, na baada yao mvua, na maji ya mvua si maji ya kiangazi. Zamu ikimpita Neema, kazi yake imekufa. Hakulia. Alisema tu, "Sawa mama," na hiyo sawa ilinichoma kuliko kilio.

Mama Bhoke akanigeukia. "We mura, kijana wa kwetu, shikamoo yako sijaisikia leo."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie. Kwenu ukiwekeshwa ng'ombe na rafiki yako, akifia kwako, unafanyaje?"

"Napeleka ngozi kwa mwenyewe."

"Ya nini? Ng'ombe si amekufa?"

"Aone alama yake. Aone kilichomuua."

"Anakulipisha?"

"Akiona ngozi, hapana. Ng'ombe hufa."

"Na usipopeleka ngozi?"

Kila mtoto wa Kikurya analijua jibu. Usipopeleka ngozi, umeiba.

"Basi hapa naona mzoga," akasema. "Ngozi iko wapi?"

Nikasema yote. Doa, kopo, kitambaa, jioni ya siku ya tatu, na upepo wangu wa uongo. Yule wa majani akapasuka kicheko. "Kibao kimepakwa mafuta kama bwana harusi!" Hata bodaboda akacheka juu ya pikipiki yake. Nilitamani ardhi inifunike.

Lakini Neema hakucheka. Alishika mkono wa Mama Bhoke. "Jioni ya siku ya tatu! Mama, basi siku tatu ni nzima!"

Ndivyo ilivyokuwa, zilikuwa nzima. Siku tatu zilipona kwa sentensi moja ya mtu wa darasa la nne. Yule wa majani, kicheko kilipomwisha, akasema atasubiri siku mbili, nyasi za Issenye hazitembei. Tukapewa kibao kingine cha kuazima, tukarudi Manchira tukarudia ya nne na ya tano.

Kabla hatujaondoka, Mama Bhoke aliniita pembeni. "Kupaka mafuta ni kutojua, nimekusamehe. Zile siku mbili za kunyamaza, hizo ulijua." Baadaye alinichukua nifanye kazi kwake, na alipostaafu, ufunguo wa kabati lile ulibaki kwangu miaka mingi. Nami kila anayerudisha nilimuuliza, kimekutana na nini huko?

Mwanangu, unayeazima leo mashine, jembe la maksai, hata pikipiki ya shemeji yako, sikia. Utaharibu. Hakuna mkono usioharibu, na anayekuambia hajawahi ana kopo lake mfukoni. Ukiharibu, sema siku ile ile, useme na saa. Ukweli wangu uliochelewa ulikula siku mbili, uongo wangu ungekula tano na jina langu juu. Anayekuja baada yako hakujui, lakini atapimia kwa jiwe ulilomwachia. Na watakaocheka, waache wacheke. Kicheko hakijawahi kumzuia mtu kupewa zamu nyingine.

Nenda basi. Mungu akupe mikono mikavu na ulimi mwepesi wa kukiri. Ng'ombe wako wazae, maji yako yawe safi. Na siku ng'ombe wa watu akifia kwako, ufike kwa mwenyewe kabla ya habari, ngozi ikiwa begani.