Jumapili Nilipohubiria Mabenchi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kishanda, Mchungaji wa Usharika alinikabidhi ufunguo wa kanisa na daftari la majina ya washarika. "Mwinjilisti," akaniambia, "mimi nitakuja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote watu watakutazama wewe." Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Miaka sita baadaye nilihamishiwa mtaa wa Ijumbi. Mtaa, kanisani kwetu, ni tawi la usharika. Huko kijana mmoja alijinyonga. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mzee Kamugisha, alinijia asubuhi.

"Huyo kanisa halimziki. Ukienda, utakwenda peke yako."

"Mama yake ni msharika wetu, Mzee."

"Nimeshasema, waitu," akamalizia kwa neno letu la heshima.

Nilikwenda. Nilivaa kanzu, nikasoma ibada yote ya maziko pale kibanjani kwa mama yake, katikati ya migomba.

Jumapili iliyofuata kwaya haikuja. Wazee hawakuja. Walikuwepo mke wangu, mama wa marehemu, na Sadiki fundi baiskeli, Mwislamu, aliyebeba jeneza pamoja nami. "Nimeona mko wachache," akasema, akakaa karibu na mlango.

Hubiri nililoandaa nililiacha. Nikasoma habari za Daudi akipanda Mlima wa Mizeituni, analia, miguu mitupu, mshauri wake amehamia kwa Absalomu, mwanawe aliyemwasi, na Itai, mtu wa kuja, akikataa kumwacha. Nikaishia katikati ya mstari.

"Pole, Mwinjilisti," akasema Sadiki. "Endelea tu."

Mkuu wa Jimbo letu la kanisa aliniita Bukoba. "Ungeniuliza kwanza," akasema.

"Ungekubali, Mkuu?"

Akainuka, akanifungulia mlango. "Rudi kazini."

Watu walirudi mmojammoja. Kamugisha alirudi Pasaka. Tulifanya kazi pamoja mpaka nikahamishwa tena, na jambo lile hatukuligusa.

Sasa nimestaafu, naishi Kitendaguro. Kwa miaka mingi nilijiona mimi ndiye Daudi, na wale wote waasi. Mwaka jana nikasikia Kamugisha anaumwa, nikaenda Ijumbi kumwona. Alinishika mkono, hakuuachia.

"Jumapili ile nilivaa koti langu mapema," akasema. "Nilifika mlangoni kwangu, nikawaogopa wazee wenzangu. Nikakaa kwenye kiti, koti mwilini, mpaka jioni."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba siku ile kulikuwa na mwingine aliyekaa peke yake. Nikasogeza kiti karibu na kitanda chake.